Mikoko Hukatwa Baharini, Soko Lake Liko Mtaani

Mkazi wa Mtopanga anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuuona mkoko. Hata hivyo, huenda mti huo uko nyumbani kwake: katika boriti za paa, katika fito za ukuta wa udongo au ndani ya gunia la makaa. Kisauni imepakana na Bahari Hindi upande wa mashariki, mkono wa bahari wa Mtwapa upande wa kaskazini na ule wa Tudor upande wa magharibi. Mti ukikatwa huko, hukatwa kwa sababu mjini kuna mtu wa kuununua. Ndiyo maana kazi ya kuokoa mikoko haiwezi kuachiwa wavuvi na askari wa misitu peke yao.

Hali ilivyo

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu ziko Lamu. Kaunti ya Mombasa ina chini ya hekta 4,000, na ni hizo zinazobanwa na mji. Watafiti waliolinganisha picha za miaka ya 1992 na 2009 waligundua kuwa eneo la mikoko ya Tudor lilikuwa limepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na lile la Mwache kwa takriban asilimia 45.

Kwa nini inapungua

Sababu ya kwanza ni ukataji wa boriti, kuni na makaa. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya makaa huhitaji kilo tano za kuni au zaidi, kwa hivyo gunia moja hubeba miti mingi kuliko linavyoonekana. Wapikaji wa pombe haramu wanaojificha ndani ya mikoko nao huchoma kuni nyingi.

Si shoka peke yake. Maji taka na plastiki kutoka mitaani huishia kwenye matope ambako miche michanga inaota. Udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya bara nao huua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifukia mizizi ya mikoko ya Mwache kwa mchanga na tope, na sehemu kubwa ya msitu ikakauka. Mkoko hupumua kupitia mizizi iliyo juu ya tope. Mizizi hiyo ikifukiwa, mti hufa ukiwa umesimama.

Hasara inavyofika nyumbani

Kamba, kaa na samaki wengi hukulia kati ya mizizi ya mikoko kabla ya kutoka kwenda bahari kuu. Mizizi ikiondoka, mvuvi hulazimika kwenda mbali zaidi, na mama wa nyumbani hununua samaki kwa bei ya juu. Mikoko pia hupunguza nguvu ya mawimbi, huzuia ukingo kumomonyoka na hushika udongo ambao ungefunika matumbawe na nyasi za baharini. Tope lake huhifadhi kaboni nyingi, ambayo hurudi hewani msitu unapoharibiwa.

Upo upande mwingine usiofaa kupuuzwa. Kwa kijana asiye na kazi, mzigo wa boriti ni chakula cha siku hiyo. Kumkataza bila kumwonyesha njia nyingine ya kupata riziki ni kumhamisha tu kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine.

Yaliyofaulu jirani

Njia hizo zipo. Hapo Bamburi, mwaka 1971, Rene Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali pasipo na udongo. Kati ya aina 26 alizojaribu, chache tu zilistahimili, mvinje ukiwa mbele. Jongoo wakubwa walioletwa hapo walisaga majani ya mvinje yaliyoanguka, udongo ukajijenga, na leo eneo hilo ni msitu unaotembelewa na wageni. Mvinje huo huo sasa hupandwa na wakulima wa Kilifi na Kwale kwa ajili ya nguzo na boriti.

Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Huuza kaboni inayohifadhiwa na msitu, na mapato husaidia shule na maji ya kijiji. Msitu uliosimama umekuwa na faida kila mwaka. Uliokatwa hulipa mara moja tu.

Mkazi afanye nini

Kwanza, uliza boriti imetoka wapi. Chagua mvinje au mkaratusi uliopandwa shambani. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa umma tangu 1932, na kuikata bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ni kosa. Sheria ya misitu ya 2016 imeweka faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo, au vyote viwili.

Pili, punguza makaa. Jiko la bati lenye udongo ndani huokoa takriban theluthi moja ya makaa au zaidi likilinganishwa na jiko la bati tupu. Mwenye uwezo wa kutumia gesi hupunguza zaidi.

Tatu, usitupe taka kwenye mitaro. Mvua ikinyesha, mtaro hupeleka kila kitu baharini.

Nne, panda kwa utaratibu. Mlilana huota upande wa bahari, mkoko katikati na mkandaa karibu na nchi kavu. Mche uliopandwa pasipo pake hufa, hata sherehe ya upandaji ikiwa kubwa namna gani. Vikundi vya vijana na akina mama vinashauriwa kujiunga na vyama vya jamii vya misitu, vinavyotambuliwa na sheria hiyo hiyo, ili vipate mafunzo na haki ya kunufaika na msitu kwa njia kama ufugaji wa nyuki na kaa.

Anayeona mikoko ikikatwa atoe taarifa kwa ofisi ya KFS, kwa chifu au kwa msimamizi wa wadi.