Mboga Zinavyojihami Dhidi ya Chumvi

Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilipita Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Watu wamechemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka 1,000, hasa kiangazi, na chumvi ya Uvinza ikawa bidhaa ya kutafutwa katika nchi zote za magharibi. Lakini kwa mkulima wa mboga, chumvi ni adui.

Wala si lazima bustani iwe karibu na chemchemi ili ipate chumvi. Tabora mvua zikikatika, mchicha na nyanya huishi kwa maji ya visima mpaka Novemba. Jua hunyonya maji, na chumvi iliyokuwamo, hata iwe kidogo, hubaki udongoni. Kwenye mbuga zenye udongo mzito, maji yanakotuama, hujilimbikiza mwaka hadi mwaka.

Mmea hupata madhara mawili. Kwanza ni kiu: udongo umelowa, lakini chumvi inayashikilia maji na mizizi inashindwa kuyavuta. Baadaye sodiamu huingia ndani, huchukua nafasi ya potasiamu, na majani ya chini huungua kingo.

Hapo homoni huanza kazi. Iliyo muhimu zaidi ni asidi ya absisiki. Mmea ukihisi chumvi, homoni hii huongezeka na kuamuru matundu madogo ya majani yafungwe, maji yasipotee. Huchochea pia seli kukusanya sukari na prolini (aina ya asidi amino), ili ziendelee kuvuta maji. Ipo aina ya nyanya iitwayo flacca isiyoweza kuitengeneza homoni hii vya kutosha. Hunyauka upesi hata isipopata chumvi, kwa sababu matundu yake hayafungi sawasawa.

Oksini, homoni ya ukuaji, nayo huongoza mizizi. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mzizi wa nyanya hujipinda kuikwepa chumvi: oksini huzidi upande ulio mbali na chumvi, seli za upande huo hurefuka polepole, na ncha hugeukia huko. Kwangu mimi hili ni jambo la kustaajabisha kuliko yote, maana mmea tunaodhani umekwama mahali pamoja kumbe unachagua njia.

Lakini kujihami kuna gharama. Matundu yakifungwa, hewa ya ukaa haiingii, jani halitengenezi chakula cha kutosha na mmea hudumaa. Ndiyo maana kuongeza homoni tu si dawa. Majaribio mengi yameonyesha kuwa asidi ya salisiliki, homoni nyingine ya mimea, mbegu zikilowekwa humo au miche ikinyunyiziwa kwa kiwango kidogo, husaidia mimea kustahimili chumvi, lakini kiwango kikizidi, huidhuru. Wala asidi hiyo haiondoi hata chembe moja ya chumvi shambani.

Kwa hiyo anza na udongo. Chumvi ya udongo hupimwa kwa desisiemensi kwa mita, kipimo cha upitishaji umeme. Mavuno ya maharage huanza kushuka kipimo kikipita 1, nyanya 2.5, bitiruti 4. Mwenye kisima chenye chumvi asianze na maharage. Amwagilie maji ya kutosha kuisukuma chumvi chini ya mizizi, achimbe mifereji ya kuyatoa, na atandaze nyasi kupunguza ukaushaji. Sampuli za udongo na maji zipimwe kabla ya kuatika miche. Kituo cha Tumbi cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kipo Tabora hapo hapo, na TARI Mlingano, Tanga, ndiko kunakoshughulikiwa hasa utafiti wa udongo.