QUEEN: BENDI YA WANAFUNZI WANNE

Wahenga walinena, kidole kimoja hakivunji chawa. Wapenzi wengi wa muziki wa roki wakisikia jina Queen, yaani Malkia, humtaja Freddie Mercury peke yake. Ni kweli alikuwa mwimbaji hodari, tena mzaliwa wa Unguja, mwaka wa 1946, jina lake halisi likiwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Waparsi wenye asili ya India, walihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini je, msomaji, wale watatu wengine walikuwa wasindikizaji tu? La hasha!

Bendi iliundwa London mwaka wa 1970. Freddie alikuwa amesomea uchoraji, na ndiye aliyebuni nembo yao. Brian May, mwanafunzi wa fizikia, alipiga gitaa alilolitengeneza nyumbani na babake. Shingo yake ni ubao uliotolewa kwenye meko kuukuu ya kuotea moto. Mpiga ngoma Roger Taylor alikuwa ameanza kusomea udaktari wa meno. John Deacon wa gitaa la besi, aliyejiunga mwaka wa 1971, alisomea elektroniki. Wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma. "Another One Bites the Dust", uliotia fora Marekani mwaka wa 1980, ni wa Deacon yule mnyamavu.

Kilichowakorofisha ni pesa. Mirabaha ya utunzi ilimwendea mtunzi pekee. "Bohemian Rhapsody" wa Freddie ulipotoka mwaka wa 1975, upande wa pili wa sahani ile uliwekwa wimbo wa Taylor. Anayenunua sahani hulipia pande zote mbili. Basi Taylor akavuna sawasawa na Freddie, ingawa watu walikimbilia ule wa kwanza! Manung'uniko yakazuka. Bendi nyingi huvunjikia papo hapo.

Hawa walipata dawa. Kuanzia albamu ya "The Miracle" ya 1989, nyimbo mpya ziliandikwa jina la Queen, si la mtu mmoja, na mapato yakagawanywa sawa. Ugomvi ukatulia, nao wakaendelea kurekodi hata Freddie alipokuwa mgonjwa. Ukimwi ulimwua Novemba 1991. Wenzake walizikamilisha nyimbo alizoacha, wakazitoa mwaka wa 1995.

Na May je? Alirudi chuoni, akapata shahada ya uzamifu katika elimu ya nyota mwaka wa 2007.

Basi nanyi mnaoanzisha bendi bwenini, kubalianeni kuhusu mgao mapema. Sauti tamu haizimi ugomvi wa pesa.