Je, Wajua? Si Kila Kifafa Huangusha Mtu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi na kifafa. Wengi tunamtambua mgonjwa akishaanguka tu, kumbe kuna aina nyingine zinazopita machoni petu kila siku.

Je, wajua kuwa dalili hutegemea mahali shambulio linapoanzia? Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Umeme huo ukivurugika katika eneo linaloongoza mkono, mkono hucheza wenyewe. Ukivurugika kisogoni, mgonjwa huona mimuliko ya mwanga. Wengine hunusa harufu isiyokuwepo, au huduwaa huku wakitafunatafuna na kupapasa nguo, na baadaye hawakumbuki lolote.

Je, wajua kuwa mtoto anayetumbua macho ghafla darasani huenda ana kifafa? Fahamu humtoka kwa sekunde chache, kisha huendelea na kazi yake. Hali hiyo yaweza kumrudia mara nyingi kwa siku. Anahitaji daktari, si kiboko.

Je, wajua kuwa kikombe cha chai kinachomponyoka kijana asubuhi chaweza kuwa dalili? Kuna kifafa kinachorusha mikono ghafla, hasa baada ya kuamka. Kingine hulegeza misuli yote mara moja.

Je, wajua kuwa Mahenge, Tanzania, imeingia katika historia ya tiba? Katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliwaona huko watoto wenye kifafa wanaotikisa vichwa mfululizo. Baadaye hali kama hiyo ilionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Watafiti wameihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito.

Je, wajua kuwa degedege la homa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 si lazima liwe kifafa? Hata hivyo, mpeleke hospitali, kwani malaria kali au homa ya uti wa mgongo pia huleta degedege.

Je, wajua kuwa povu la mgonjwa haliambukizi? Msogelee bila hofu. Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni wala kumkandamiza. Shambulio likizidi dakika 5, mkimbize hospitali.

Je, wajua kuwa dawa inayofaa aina moja yaweza kuzidisha nyingine? Karbamazepini, kwa mfano, husaidia shambulio linaloanzia sehemu moja ya ubongo, lakini yaweza kuzidisha lile la kutumbua macho. Ndiyo maana maelezo ya aliyeshuhudia ni muhimu sana: lilianzaje, upande gani, kwa muda gani? Ukiweza, na familia ikiridhia, rekodi video kwa simu umwonyeshe daktari. Wagonjwa hadi 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila mashambulio wakipata tiba sahihi.