Keki ya Bethdei Kwenye Mwinuko wa Nakuru

Keki nyingi za bethdei zinazobonyea katikati hapa Nakuru hazikuharibiwa na mkono wa mpishi. Zilifuata resipe iliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, kisha zikaokwa mita 1,850 juu yake. Mama wa Kiamunyi au baba wa Lanet anatafuta maelezo kwenye simu, anapima kila kitu alivyoelekezwa, keki inaumuka vizuri hadi anaita watoto waje kuitazama, na kabla haijaiva imezama katikati, ikaacha utepe mbichi wenye kunata chini. Anajilaumu bure, na mwaka unaofuata anaagiza keki kwa pesa ambazo zingelisha watoto wote wa ploti. Natamani aoke tena. Sherehe ya mtoto nyumbani haihitaji gharama kubwa, ila inahitaji mpishi ajue anapikia wapi.

Hewa ina uzito, na kadiri unavyopanda ndivyo uzito huo unavyopungua. Mjini Nakuru mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Hapo yanazuka mambo mawili. Gesi yoyote iliyo ndani ya rojo la keki hutanuka karibu robo zaidi ya vile ambavyo ingetanuka pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Naivasha hali ni hiyo hiyo. Ukipanda Molo au Nyahururu, maji yanachemka kwenye nyuzi 92, ilhali ukiteremka Marigat, kwenye joto la Baringo, unakaribia 97. Kwa hiyo resipe ya shangazi wa Marigat ikipelekwa Molo bila kurekebishwa itamwaibisha mpwa wake, na wote wawili ni wapishi hodari.

Ndani ya keki kazi inakwenda hivi. Bekingi pauda ikilowa na kupata joto hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hujaza vipovu ambavyo kuta zake ni unga, mayai na mafuta. Kuta hizo zinatakiwa zikauke na kushikana kabla vipovu havijapasuka. Kwetu huku gesi hutanuka haraka mno, kuta zinanyooshwa hadi zinakuwa nyembamba, kisha zinapasuka zikiwa bado laini. Katikati ndipo panapoiva mwisho, kwa hivyo ndipo panapozama. Sukari nayo inaongeza tatizo: huyashika maji na kuchelewesha unga na mayai kuganda, na kwa kuwa maji hukauka upesi kwenye mwinuko, sukari inayobaki huwa nzito zaidi kuliko resipe ilivyokusudia.

Huko Colorado, Marekani, ambako jiji la Denver liko mita 1,609 juu ya bahari, jambo hili limeshughulikiwa kwa miaka mingi, na mwongozo wao unatufaa mradi tukumbuke kwamba Nakuru iko juu kuliko Denver. Pale resipe inaposema kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda, tia robo tatu yake. Ukiwa Molo, shuka hadi theluthi mbili. Katika kila kikombe cha sukari toa kijiko kikubwa kimoja au viwili. Ongeza maziwa au maji, vijiko vikubwa viwili hadi vinne kwa kila kikombe kilichoandikwa. Kama una oveni, badala ya nyuzi 180 weka 190, ili kuta zikaze mapema, na uanze kuichungulia keki dakika tano au saba kabla ya muda uliotajwa. Mayai yapigwe kiasi. Ukiyapiga hadi yawe povu gumu umeongeza hewa ambayo itatanuka tena. Na usinunue unga uliokwisha kutiwa bekingi pauda kiwandani, maana hapo huna namna ya kuipunguza. Nunua unga wa kawaida. 

Nyumba nyingi za Kaptembwa, Free Area au Bondeni hazina oveni, na keki nzuri sana hutoka kwenye jiko la makaa. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, iweke mekoni ipate moto kwa dakika kumi. Sufuria ndogo uliyoipaka mafuta na kuinyunyizia unga ndiyo inayobeba rojo. Iingize juu ya mchanga, funika sufuria kubwa, kisha panga makaa juu ya kifuniko. Siri iko kwenye mgawanyo wa moto: makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Chini yakizidi, kitako kitaungua wakati uso bado mweupe. Usifunue kabla ya nusu saa, kwa sababu hewa baridi ikiingia mapema keki hushuka. Baada ya hapo choma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, epua. Kazi hii yote ifanyike nje au kwenye baraza iliyo wazi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Jiko linalowaka halina nafasi katika chumba kilichojaa watoto, hata Julai baridi ikiuma.

Kwenye pilau, mwinuko hudai muda na maji zaidi, jambo ambalo wapishi wengi wa hapa wamelizoea bila kuambiwa. Nyama na maharagwe yanataka preshakuka. Linalonitia wasiwasi ni pilau kupikwa saa mbili asubuhi na kupakuliwa saa tisa alasiri. Mchele hubeba chembe ngumu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na chembe hizo hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikikaa vuguvugu huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo ya kutapisha haiondoki hata ukipasha pilau upya hadi itoe mvuke. Mtu mzima atatapika na kupata nafuu, lakini mtoto wa miaka mitatu huishiwa maji mwilini upesi. Basi pilau ipikwe karibu na muda wa kula, na ikae kwenye moto mdogo au hotpoti ikiwa moto kabisa. Kikikaa nje vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, chakula cha watoto kimwagwe, hata kama roho inauma.

Ndiyo maana mimi napendelea sherehe ianze saa nne asubuhi, Jumamosi au Jumapili kutegemea majirani wako wanasali lini. Chakula kinatoka mekoni kikienda sahanini. Mvua ya Nakuru, ambayo misimu mingi hupenda kushuka alasiri, inakuta watoto wamekwisha kuruka kamba uwanjani, na wadogo wanalala mchana kwao. Saa tatu zinatosha. Mtoto anayetimiza miaka minne hafurahishwi na wageni hamsini. Wenzake sita au wanane anaocheza nao kila siku wanamtosha, na kwa idadi hiyo mtu mzima mmoja anaweza kuwaangalia wote wakila.

Na waangaliwe kweli. Njugu karanga, bisi na peremende ngumu zisitolewe kwa walio chini ya miaka minne, kwa kuwa hunasa kwenye koo. Smoki na soseji zikatwe kwa urefu, vipande vinne, kisha vipande vidogo. Zikikatwa kwa upana zinatoka vidonge vya mviringo vinavyoziba njia ya hewa barabara. Puto lililopasuka liokotwe papo hapo, kwa sababu kipande cha mpira wake kikiingia kooni ni vigumu sana kukitoa.

Wazazi huniuliza kama maziwa yanayochemkia nyuzi 94 ni salama. Ni salama. Viwandani vijidudu vya maziwa huuawa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, kwa hiyo maziwa ya mchuuzi yakichemka kwako yamepita kiwango hicho. Maji ya juisi yachemke kwa dakika moja mjini Nakuru. Molo na Nyahururu, ambako ni juu ya mita 2,000, yaachwe yachemke dakika tatu. Kuchemsha hakuondoi floraidi, ile inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na kadiri maji yanavyokauka ndivyo floraidi inavyokolea. Juisi ya siku moja haitadhuru meno, lakini kwa matumizi ya kila siku tafuta maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeiendeleza hapa kwetu, au kinga ya mvua.

Halafu kuna kumwagia mwenye bethdei maji. Watoto wanalipenda, na sioni sababu ya kuwanyima. Yawe maji ya vuguvugu, amwagiwe jua likiwa bado kali, na taulo na nguo kavu ziwe tayari mlangoni, maana upepo wa hapa hubadilika ghafla.

Keki iliyobaki ifunikwe vizuri pindi inapopoa, kwani hewa kavu ya mwinuko huinyonya unyevu haraka. Keki ya majarini itakaa siku mbili au tatu. Yenye krimu ya maziwa iingie kwenye friji siku hiyo hiyo, na kama nyumba haina friji, vipande vigawiwe majirani wageni wakiwa bado wanaaga.