Jedwali la Heshi Linahitaji Nafasi Tupu

Ukiwa na rekodi 1,000 za wateja, ni rahisi kudhani kwamba jedwali lenye nafasi 1,000 linatosha. Katika jedwali la heshi halitoshi, na anayelipia upungufu huo ni mtumiaji anayesubiri jibu.

Jedwali hili huchukua ufunguo, tuseme namba ya simu, huugeuza kuwa namba nyingine kwa fomula ya heshi, kisha huigawa namba hiyo kwa idadi ya nafasi zilizopo. Baki ndiyo inayoonyesha rekodi ikae wapi, kwa hiyo hakuna haja ya kupekua orodha nzima. Lakini funguo mbili zinaweza kutoa baki moja, na hapo hutokea mgongano.

Njia mojawapo ya kuutatua ni kusogea mbele hadi nafasi tupu ya kwanza. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliichambua njia hii kihesabu mwaka 1963, na matokeo yake yanastahili kukaririwa. Jedwali likijaa nusu, kutafuta ufunguo ambao haumo hukagua wastani wa nafasi 2.5. Likijaa robo tatu, ni 8.5. Likifika asilimia 90, ni takribani 50! Rekodi zilizosongamana huungana kuwa misururu, na kadiri msururu unavyorefuka ndivyo unavyozidi kunasa rekodi mpya. Kwa njia hii, mimi singevuka asilimia 70.

Njia ya pili, ya kuipa kila nafasi orodha yake, huvumilia msongamano zaidi. HashMap, jedwali la heshi la lugha ya programu ya Java, huitumia, na kwa kawaida hujipanua ikipita robo tatu. Hapa wengi hunaswa: ukiiomba nafasi 1,000 itakupa 1,024, lakini rekodi ya 769 ikiingia itatenga 2,048 na kuzipanga zote upya. Gawanya 1,000 kwa 0.75, uombe 1,334. Utapewa 2,048 tangu mwanzo.

Java hupenda vipeo vya 2 kwa sababu baki yake hupatikana haraka bila kugawanya. Hatari iko kwenye funguo zenye mpangilio. Namba za ankara zikiwa zote ni vigawe vya 16 na zikitumika bila kuchanganywa, jedwali la nafasi 1,024 litatumia 64 tu. Namba tasa kama 1,009 huzitawanya vizuri. Kama huiamini fomula yako ya heshi, chagua namba tasa.

Usipojua idadi ya rekodi, anza na jedwali dogo, uliongeze maradufu kila linapokaribia kujaa. Kuongeza nafasi 100 kila mara ni kosa kubwa, maana rekodi zilezile zitahamishwa tena na tena. Wala usitenge nafasi milioni moja kwa rekodi kumi: programu ikitaka kuzisoma zote, mara nyingi italazimika kupita kwenye nafasi zote milioni.