Mtoto Amepasuliwa, Mbona Kifua Bado Kinalia?

Tukitembelea nyumba za hapa Shella, jambo moja hututia wasiwasi. Mtoto mchanga amepelekwa mbali akapasuliwa, amerudi, na bado anapumua kwa sauti. Nyanya anasema, "Pesa zimeliwa bure. Mpelekeni akakatwe kimio." Jameni, ngojeni kwanza tuelezane.

Wako watoto wachache wanaozaliwa na mishipa mikubwa itokayo moyoni ikiwa imepita njia isiyo yake. Mishipa hiyo hulizunguka bomba la pumzi pamoja na njia ya chakula kama pete, ikavibana. Mtoto hukoroma hata akiwa macho, hukohoa kama mbwa anayebweka, hupaliwa akilishwa. Dawa ni kuikata hiyo pete. Dakt. Robert Gross wa Boston, Marekani, alifanya upasuaji huo mwaka 1945.

Sasa mbona sauti haikomi? Bomba la pumzi hushikiliwa wazi na gegedu. Gegedu lililobanwa tangu tumboni mwa mama hubaki laini hata baada ya pete kukatwa. Mtoto akilia au akishikwa na mafua, bomba hulegea na kujifinya. Kwa watoto wengi huimarika polepole, pengine mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo sauti peke yake haimaanishi upasuaji umeshindwa. Nacho kimio kiko juu, kooni. Shida iko chini, kifuani. Kukikata ni kumwongezea mtoto damu na kidonda tu.

Tufanye nini nyumbani?

- Mlishe kidogo kidogo, kichwa kikiwa juu.
- Mweke mbali na moshi wa kuni na wa sigara.
- Asikose chanjo, hata ile ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011.
- Usikose siku ya kliniki. Ukiona kilio chake ni hafifu, au anapaliwa kila mara, mwambie daktari. Huenda neva ya sauti imeguswa.

Lakini midomo ikigeuka buluu, mbavu zikiingia ndani, pumzi ikikatika au akishindwa kunyonya, usingoje kuche. Kimbia Hospitali ya Malindi, na uichukue barua ya waliompasua.

Nyanya zetu, neno lenu lina uzito nyumbani. Tunawaomba mlitumie kusema, "Mrudisheni kwa daktari."