Je, Wajua? Chapati Inayobeba Zaidi ya Mchuzi

Je, wajua kwamba mkate bapa ni wa kale kuliko jembe? Huko Shubayqa, kaskazini mashariki mwa Jordan, wanaakiolojia walikuta makombo yaliyoungua ndani ya meko ya wawindaji wa jamii ya Natufi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa makombo hayo ni ya mkate bapa wa miaka 14,400 hivi iliyopita, miaka elfu kadhaa kabla ya watu wa eneo hilo kuanza kulima. Waliokota nafaka za mwituni na mizizi ya mimea ya majini, wakasaga, wakakanda, wakaoka. Vyungu na sahani za udongo zilikuwa bado.

Anayeshuka matatu ya 46 jioni pale Kawangware akapokea chapati moto iliyokunjiwa mayai hahitaji sahani pia. Sisi tumezoea kuiweka chapati pembeni ya mchuzi. Iweke chini, vitu vingine vikae juu yake, na utapata kitafunio cha wageni ambacho hakihitaji oveni wala uma.

Je, wajua kwamba chapati ya Nairobi haipikwi kama ile ya nyumba nyingi za India? Biashara kati ya pwani yetu na India ni ya karne nyingi, lakini huku bara chapati iliingia kwa nguvu pamoja na reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi takriban 32,000 kutoka India, na reli ikafika mahali palipo Nairobi mwezi Mei 1899. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Karibu 6,700 wakabaki. Maduka ya Wahindi yalijipanga katika Indian Bazaar, ambapo leo ni Biashara Street. Chapati yao ya kila siku ni ya unga wa ngano isiyokobolewa, nyembamba, inayochomwa kwenye chuma kikavu bila mafuta. Yetu ni ya unga mweupe, ina mafuta ndani na nje, na isipokuwa na matabaka mpishi hulaumiwa. Kwa upishi wake ni jamaa wa paratha.

Matabaka hayo yana siri yake. Ukishasukuma donge, unapaka mafuta, unalikunja liwe kamba, kisha unaizungusha kamba kama gamba la konokono na kuisukuma tena. Mafuta huzuia kunjo zisishikane. Ikiwa kwenye chuma cha moto, maji yaliyo ndani ya unga hugeuka mvuke, na mvuke huchukua nafasi takriban mara 1,600 ya maji uliyotokana nayo, kwa hiyo husukuma kunjo zitengane. Wanaoharakisha hatua ya kupumzisha madonge hujinyima wenyewe. Unga uliotoka kukandwa hurudi nyuma kila ukiusukuma, lakini ukifunikwa nusu saa hulegea na kutii kifimbo.

Je, wajua kwamba mwaka 1857 chapati ziliwatia hofu watawala wa India? Mwanzoni mwa mwaka huo chapati zilipelekwa usiku kutoka kijiji hadi kijiji kaskazini mwa nchi. Mlinzi wa kijiji alizipokea, akapika nyingine, akazipeleka mbele. Maofisa wa Kiingereza walichunguza wasipate barua wala maelezo yoyote ndani yake. Miezi michache baadaye uasi mkubwa ukalipuka, na wanahistoria bado wanabishana kama chapati zilihusika.

Kitu ambacho Nairobi imekiongeza katika historia hii ndefu, kwa maoni yangu, ni smocha. Smokie ni soseji iliyofukizwa moshi kiwandani, imeiva tayari, na muuzaji huipasha tu katika kitoroli chake kinachong'aa. Kwa miaka mingi ililiwa ikiwa imepasuliwa na kujazwa kachumbari. Kisha wauzaji wakaiviringa ndani ya chapati nzima, pamoja na kachumbari, sosi ya nyanya na pilipili, na wanafunzi wa vyuo wakaifanya chakula chao. Katikati ya jiji, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, huhitaji kutembea mbali kuipata. Naisifu bila kusita, kwa sababu ina mpangilio ambao wapishi wakubwa huutafuta: kitu laini chini, kitu chenye chumvi na moshi katikati, kitu kichachu na kibichi juu.

Jamaa zake wako kila upande. Uganda ina rolex, mayai yaliyokaangwa na vitunguu, nyanya na kabichi, yakaviringwa katika chapati. Wandegeya, jirani na Makerere, ndipo panapotajwa sana kuwa chimbuko lake. Mwaka 2021 Raymond Kahuma na wenzake walitengeneza rolex ya kilo 204.6 yenye urefu wa mita 2.32 huko Kasokoso, Wakiso, wakaingia katika rekodi za dunia za Guinness. Walitumia mayai 1,200. Forodhani, Unguja, kuna pizza ya Zanzibar, unga mwembamba uliokunjiwa kima, yai na kitunguu. Na kule Maskati, ambako bado utasikia Kiswahili majumbani, vijana hupenda paratha iliyopakwa jibini laini na kunyunyiziwa vibanzi vilivyopondwa vya Chips Oman.

Magharibi mwa jiji letu meza ni pana zaidi. Diamond Plaza, Parklands, naan hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo na kuiva kwa dakika chache tu. Kilimani na Hurlingham kuna migahawa ya Kihabeshi, ambapo injera hutandazwa kwenye sinia na vitoweo humwagwa juu yake. Injera ya asili ni ya tefu, nafaka ndogo kiasi kwamba mbegu elfu moja hazifiki nusu gramu. Uji wake huachwa uchache siku kadhaa, na hewa inayotoka ndiyo huacha vile vitundu vinavyonyonya mchuzi.

Sasa jikoni kwako. Vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta na maji vuguvugu karibu robo tatu ya kikombe hutoa chapati nne au tano. Zilizolala zinafaa hata zaidi kwa kitafunio. Kata kila moja vipande sita au vinane, virudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili au tatu kila upande. Maji yaliyobaki yakishatoka, kipande hukakamaa na kuweza kubeba mzigo bila kupinda.

Adui wa kitafunio hiki ni maji, na kachumbari ndiyo huyaleta. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya, basi itie mwishoni kabisa. Kitunguu kikali kioshe kwa maji ya chumvi, ukisuuze na kukikamua, kwa maana ukali wake unatokana na kemikali za salfa zinazozaliwa pale kisu kinapopasua seli zake, na nyingi huondoka na maji. Toa mbegu za nyanya, lakini usizitupe. Ute unaozizunguka una glutameti nyingi kuliko sehemu ya nje ya tunda, na glutameti ndiyo huleta ule utamu wa mchuzi wa nyama. Umimine kwenye kima kinachokaangwa na tangawizi, kitunguu saumu na bizari, uache kikauke kabisa.

Juu ya vipande weka unachokipata katika soko la Kangemi au la Toi. Avokado iliyopondwa na ndimu haitageuka nyeusi upesi, kwa kuwa asidi ya ndimu hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachoitia rangi. Madondo yaliyobaki ya jana, yakipondwa na kukaangwa na dania, hukaa vizuri chini ya kachumbari. Jibini inayotengenezwa Tigoni, Limuru, huyeyuka ukifunika kikaango kwa dakika moja. Chaguo langu la kwanza, hata hivyo, ni omena, wale samaki wadogo. Zioshe kwa maji moto, zikaushe, uzikaange mpaka zilie zikitafunwa, kisha uzipange juu ya avokado na kumalizia na pilipili mbichi na ndimu. Omena huliwa nzima, na mifupa yake midogo ina kalsiamu nyingi.

Panga vipande vikavu kwenye sinia moja na vitoweo kwenye mabakuli, kila mgeni ajibandikie mwenyewe. Kima kiwe cha moto, kachumbari iwe baridi, na kipande kikishabandikwa kiliwe palepale.